Ng'ombe wa Mahari Aliyekataa Kushika Mimba

Kateni kucha kwanza, wanangu. Hilo ndilo ninalomwambia kila kijana anayekuja kunisalimia na kunipa habari kwamba ameanza kazi ya kuhimilisha ng'ombe, kuwatia mbegu kwa mrija bila fahali. Wengine hucheka, wakidhani bibi anatania. Sitanii. Mkono wako utaingia kwa ng'ombe kwa njia ya haja kubwa mpaka karibu na bega, na kati ya kidole chako na mji wake wa mimba kutakuwa na ukuta mwembamba wa utumbo, basi. Ukucha mmoja mrefu unatosha kumtoa damu. Na pete mvue. Kuna mwenzangu mmoja tulimsaidia kutafuta pete yake ya ndoa kwenye samadi asubuhi nzima, huku mwenye ng'ombe akituuliza ni ugonjwa gani huo unaotibiwa kwa kuchambua mavi.

Mimi ni Mariamu, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili mjini. Babu yangu alitoka pwani akiuza vitambaa, akaoa hapa, na Kiswahili kikabaki nyumbani kwetu. Baba alikuwa mchinjaji. Nilipomaliza masomo ya utabibu wa mifugo na kupangiwa ofisi iliyokuwa Kimihurura, wanawake katika kazi hii tulikuwa wa kuhesabika. Nikifika kwa mfugaji na pikipiki yangu, anatazama nyuma yangu.

"Veterineri yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, namuuliza yule wa kuingiza mkono."

Baadaye waliona kwamba mkono wangu mwembamba ukiingia ng'ombe anaendelea kucheua, ilhali kwa wanaume wengine alikuwa anarusha mateke. Wakaanza kunitafuta mimi.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari Gasipari. Mtu mfupi, mpole, koti moja la kaki mwaka mzima, mifuko imejaa kamba. Yeye na wengi niliowapenda hawakuuona mwaka wa tisini na tano, mauaji ya tisini na nne yaliwachukua. Hayo nimeyasema mahali pengine na nitayasema tena, lakini leo nataka mumjue akiwa kazini, kwa sababu alistahili kujulikana hivyo.

Hakuniruhusu kumgusa ng'ombe hai kwa muda mrefu. Alinirudisha machinjioni, pale pale nilipokulia. Baba alikuwa anatuwekea kando miji ya mimba ya ng'ombe waliochinjwa, ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu. Daktari ananifunga kitambaa machoni.

"Shika. Niambie."

Mimi napapasa. Shingo ya kizazi ni ngumu kama shingo ya kuku. Mbele yake mapembe mawili, yamejikunja kama pembe za kondoo. Pembeni ovari, ndogo kama kokwa la parachichi changa. Nabahatisha, nakosea, narudia. Baba anapita na kisu chake akinicheka kwa Kiswahili cha machinjioni: "Mariamu, hii iko na muzigo ama haina?" Wachinjaji wengine nao wanakuja kubahatisha. Kuna waliokuwa wananishinda.

Halafu Daktari anaipasua ile miji kwa makasi na kunionyesha ndani. Na hapo ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu vijana wengi mnajua mbegu na mnajua yai, ila ule ukuta wa ndani mnaupita kama mtu anayepita mlangoni bila kumsalimia mwenye nyumba.

Ule utando wa ndani haukai vilevile. Ng'ombe akiwa kwenye joto, zile siku anapotaka fahali, umevimba kidogo, una majimaji, unang'aa. Joto likipita na yai likishatoka, pale lilipotokea kwenye ovari panaota kitu kidogo cha njano. Hicho cha njano kinatoa homoni, projesteroni, na projesteroni ndiyo inayougeuza ule ukuta. Misuli ya mji inatulia. Tezi ndogo ndogo zilizo ndani ya utando zinarefuka, zinajikunja, zinaanza kutoa uteute wenye chakula. Usipokuwepo utulivu huo, au uteute ukiwa mbovu, hata ulete mbegu ya fahali aliyeshinda tuzo Ulaya nzima, utarudi kwa mfugaji huyo baada ya wiki tatu ukapigwe na jua bure.

Siku hizi ninyi mnahamisha viinitete, zile mimba changa kabisa, kutoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine. Mnajua basi kwamba kiinitete cha wiki moja kinataka ukuta ambao nao umetimiza wiki moja tangu joto. Ukikiwahisha hakipati kitu, ukikichelewesha hakipati kitu. Sisi hatukuwa na mitambo hiyo. Tulikuwa na mkono, macho, na subira ya Daktari Gasipari.

Lakini msidhani nilianza vizuri. Wiki yangu ya kwanza kwa ng'ombe hai nilipelekwa Kagugu kwa Mzee Mutabazi, mfugaji mkarimu, mwenye kundi zuri na mdomo wa mzaha. Nikaingiza mkono, nikahisi kitu cha mviringo, kimejaa, kinachezacheza. Nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu: "Mzee, huyu ana mimba ya miezi mitatu." Watu wa nyumba wakapiga makofi. Papo hapo ng'ombe akainua mkia, akakojoa kama bomba lililopasuka. Nikapapasa tena. Mimba haipo. Nilikuwa nimeshika kibofu.

Mzee Mutabazi aliutazama mkojo ukishuka bondeni, akavua kofia. "Mimba imemwagika," akasema. "Mpeni veterineri maziwa, amefiwa." Kwa miaka mingi aliniita hivyo, Mariamu aliyemwaga mimba. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza lolote, mwacheni ng'ombe akojoe.

Huyo Mzee Mutabazi ndiye aliyemtoa Gaju.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Vita vilikuwa kaskazini, njia zilikuwa na vizuizi, na naitrojeni ya kuhifadhia mbegu ilikuwa inachelewa hadi tunaukumbatia mtungi kama mtoto mgonjwa. Hata hivyo watu walioana. Fideli, kijana wa Mutabazi, alimwoa Esperansi, binti wa Mzee Semana wa Gahanga. Mahari ilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu wa kahawia, Gaju, mwenye mimba tayari. Ninyi mliokulia nje pengine hamjui desturi: ng'ombe wa mahari akizaa ndama jike kwa baba mkwe, ndama huyo hupewa wale maharusi. Ndiyo indongoranyo. Ni zawadi, ni heshima pia. Ni kama baba wa binti anasema mbele ya watu: mlichonipa kilikuwa kizuri, tazameni.

Gaju akazaa Gahanga, ndama dume. Hakuna ubaya, watasubiri wa pili. Wa pili hakuja. Fahali wa jirani alimpanda, akarudi joto. Nikaenda mimi na mtungi wangu, nikamhimilisha, akarudi joto. Nikarudia, akarudi tena, wiki tatu kamili, kama anayelipiza.

Siku moja naingia ofisini namkuta Esperansi amekaa kwenye benchi la nje. Alikuwa ametoka kwa mumewe Kagugu kwa miguu, viatu mkononi.

"Dada Mariamu, baba anamrudisha Gaju."

"Anamrudisha wapi?"

"Kwa baba mkwe. Amesema alipewa ng'ombe tasa, amechekwa vya kutosha. Jumapili anamfunga kamba." Akapangusa pua kwa kitenge. "Akirudi ng'ombe, mimi naitwa nirudi nyumbani. Na mimi sitaki kurudi. Fideli ni mtu mzuri."

Daktari alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alichukua ufunguo wa pikipiki, akasema tu, "Mariamu, glavu ndefu, na ile dawa ya iodini."

Gahanga wakati huo ilikuwa mashamba matupu, mihogo na migomba, ukitazama kusini unaiona Bugesera ikififia kwenye vumbi. Mzee Semana alitupokea kwa adabu ila uso umefunga. Alikuwa mrefu, mkavu, fimbo mkononi.

"Mmekuja kumuaga?" akauliza. Alimaanisha Gaju.

"Tumekuja kumsalimia," Daktari akajibu.

Nikavaa glavu. Mji wa mimba wa Gaju ulikuwa mzito kidogo, pembe moja imenenepa bila sababu, na nilipoukanda taratibu ukatoka uteute. Uteute wa ng'ombe aliye kwenye joto unatakiwa uwe kama ute wa yai, unavutika, unaona mkono wako ng'ambo ya pili. Huu ulikuwa na nyuzi nyeupe ndani yake. Usaha. Nikamwonyesha Daktari kiganja, naye akatikisa kichwa kidogo sana, mzee asione.

Aliyetuletea maji ya kunawa alikuwa Mama Esperansi. Alimimina polepole mno, mpaka mumewe akasogea upande wa zizi.

"Alipozaa," akaninong'oneza, "zalio halikuanguka. Lilining'inia kutwa nzima, linanuka. Mzee akasema ng'ombe atakufa. Akalizungusha kwenye mkono akalivuta. Gaju alilia siku hiyo. Mimi nilikuwepo. Usiseme nimekwambia."

Sikilizeni, wanangu. Ndani ya mji wa mimba wa ng'ombe kuna vifundo vingi, kama vifungo vya koti. Mimba ikikua, utando wa ndama unajifunga kwenye vifungo hivyo, kimoja kimoja. Baada ya kuzaa vifungo vinafunguka vyenyewe, na zalio, yaani kondo la nyuma, linaanguka. Visipofunguka na wewe ukavuta, hufungui vifungo, unachana koti. Panabaki vidonda, vidonda vinaingia uchafu, na ule ukuta unaotakiwa kulisha kiinitete unakuwa chumba cha mgonjwa. Kwa nje ng'ombe anakula, ananenepa, anaingia joto kama kawaida. Ndiyo maana watu wanamwita tasa.

Njiani kurudi nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia Daktari, pikipiki ikinguruma, kwamba yule mzee amemwumiza ng'ombe mwenyewe halafu anamtukana Mutabazi, na kesho nitamwambia.

Akasimamisha pikipiki kando ya njia ili nimsikie vizuri. "Ukimwambia kesho, Jumapili ataondoka na ng'ombe kwa sababu ya hasira, na hatarudi nyuma. Mimi nataka ng'ombe abaki zizini mwake apate dawa. Mengine mzee atayaona mwenyewe, nikimpa nafasi ya kuyaona."

Siku ya pili yake alimwalika Mzee Semana machinjioni. Mzee alikuja amevaa shati safi, akidhani anaitwa kupewa nyama. Baba yangu alikuwa ameweka miji miwili ya mimba juu ya meza ya mawe, mmoja wa ng'ombe mzima, mwingine wa ng'ombe aliyekuja kuuzwa kwa sababu hashiki mimba. Daktari akaipasua yote miwili mbele ya Semana. Wa kwanza ulikuwa wa waridi, laini, una unyevu kama ulimi. Wa pili ulikuwa wa kijivu, na majimaji yake yaliteremka mezani yakawafanya hata wachinjaji wageuze pua.

"Gusa, Mzee," Daktari akasema.

Semana akagusa ule mzuri kwa kidole kimoja, kwa heshima, kama anagusa mtoto wa mtu.

"Kiinitete kikiingia humu, hakijishiki siku hiyo," Daktari akaendelea. "Kinaelea. Zaidi ya wiki mbili kinaelea tu, kinarefuka kama uzi, ndipo kianze kujishikiza ukutani."

"Wiki mbili hakijashika chochote? Kinakula nini?"

"Maziwa."

"Maziwa ya nani?"

"Ya ukuta huu. Una tezi ndogo ambazo macho hayazioni. Zinatoa kitu kama maziwa, ila wakati wake tu, wala si kila siku. Na kiinitete nacho kikishiba kinatoa ujumbe kwamba kipo, ng'ombe asiingie joto tena. Kisiposhiba, kinakufa kimya kimya, na ujumbe haufiki. Wewe unaona tu ng'ombe amerudi joto."

Mzee akauinamia ukuta ule. Alikuwa mtu aliyeishi na ng'ombe tangu anatambaa, na neno maziwa lilikuwa limemwingia. "Kwa hiyo," akasema polepole, "ng'ombe anakamua ndani kabla ya kukamua nje."

Nimesoma vitabu vya Kifaransa na vya Kiingereza juu ya jambo hili. Sijapata mstari unaouzidi ule.

Kisha akageukia ule wa kijivu. "Na huyu? Nani alimfanya hivi?"

"Sijui, Mzee," Daktari akajibu. "Mara nyingi ni mtu aliyetaka kusaidia. Zalio limechelewa, akalivuta."

Baba yangu akamwagia meza maji, ilimradi awe na la kufanya. Semana aliutazama mkono wake wa kulia, akauficha nyuma. Nikamsindikiza barabarani.

"Binti yangu."

"Naam, Mzee."

"Gaju hatarudi Kagugu. Mtibuni. Lakini mambo ya machinjioni yabaki machinjioni."

Nikakubali. Ningefanyaje? Siri ya zizi la mtu ni kama siri ya wodi.

Tukamsafisha Gaju kwa iodini, tukamchoma sindano ya kumleta kwenye joto ili mji ujikamue wenyewe, tukarudia. Halafu ikaja sehemu ngumu ambayo haina sindano: kuacha. Tulimwambia Semana aache joto la kwanza lipite, na la pili lipite. Utando ule haupati nguvu kwa kuharakishwa. Kila mzunguko unaupa nafasi ya kujijenga upya, na ninyi kazi yenu ni kukaa mbali. Mfugaji haelewi kuona ng'ombe wake anamwita fahali halafu daktari anasema asubiri. Semana alielewa. Fahali wa jirani alipovunja ua, mzee alimkabili kwa fimbo, akamrudisha kwao huku akimpigia kelele: "Kitanda hakijatandikwa! Toka!" Jirani alieneza habari kwamba Semana amechanganyikiwa.

Kumbe upande wa Kagugu mambo yalikuwa yameharibika. Mzee Mutabazi alikuja ofisini siku moja bila mzaha wowote mdomoni. Nilijua kuna jambo, kwa sababu aliniita Mariamu tupu.

"Kijana wangu wa pili amepeleka posa. Tulikuwa tumekaribia kuelewana. Sasa wajomba wa binti wanasema ng'ombe wangu wana utasa, kundi zima, kwamba nilimtupia Semana uchafu wangu. Wewe unawajua ng'ombe wangu. Gaju ana nini?"

Jibu nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nikamtazama Daktari Gasipari, naye akanitangulia.

"Gaju anatibiwa na anaendelea vizuri, Mzee. Alichonacho hakitoki kwenye kundi lako. Hilo naweza kulisema popote. Waite hao wajomba, tuje tupime ng'ombe wako wote mbele yao."

Tukaenda. Nilipima ng'ombe mmoja baada ya mwingine, wajomba wawili wamesimama na miavuli wakinitazama kama majaji. Kila ng'ombe nilimwacha akojoe kwanza, na Mutabazi, hata katika shida ile, hakuweza kujizuia: "Huyo sasa ameshajifunza." Wote walikuwa wazima, na kadhaa wana mimba. Wajomba wakakubali kwa shingo upande. "Kundi tumeliona," mmoja akasema. "Lakini Gaju alipata wapi ugonjwa?" Nikavua glavu. Tukaondoka, na posa ikabaki inaning'inia.

Nililala vibaya siku nyingi kwa ajili ya swali lile. Nilimwona Semana kila wiki, na kila wiki nilitegemea angesema kitu. Alikuwa anazungumzia majani.

Joto la tatu, uteute wa Gaju ulitoka safi, unavutika kutoka kiganja hadi kiganja. Daktari aliuinua kwenye mwanga akauangalia kama fundi anayekagua kioo. "Mariamu, mhimilishe." Nikapitisha mrija kwenye shingo ya kizazi, taratibu, nikaisukuma mbegu pale mji unapoanza. Nikamwambia Semana asimkimbize, asimpige, asimhamishe.

Wiki tatu zikapita. Gaju hakuita fahali. Semana alitaka kuchinja mbuzi, nikamkataza. Ilipofika miezi miwili nikarudi. Nikasubiri akojoe, mzee akisubiri nami kama tunangoja mvua. Nikaingiza mkono. Pembe moja ilikuwa imejaa, laini, ina maji ndani. Niliposhika ukuta wake kati ya vidole viwili na kuuachia polepole, nikahisi utando wa pili ukiteleza ndani ya ule wa kwanza. Mtakapouhisi kwa mara ya kwanza hamtausahau. Ni mdogo mno, kama uzi wa hariri unaokuponyoka, lakini maana yake ni kwamba mgeni amepokelewa.

"Kweli?" Semana akauliza.

"Kweli, Mzee."

Akakaa kwenye ukingo wa hori, akaishika fimbo kwa mikono miwili. Nilidhani atashangilia. Akasema tu, "Sasa itabidi."

Gaju alizaa ndama jike, mwekundu kama mama yake, mwenye doa jeupe kwenye paji. Lakini zalio halikuanguka. Mama Esperansi alimtuma mtu aniite, nikafika asubuhi na mapema nikamkuta Semana amekaa juu ya mikono yake mwenyewe, kihalisi, viganja chini ya makalio. "Nimekaa hivi tangu jana jioni," akasema. "Mke wangu ndiye aliyenilisha." Gaju hakuwa na homa, alikuwa anakula, kwa hiyo tukaacha. Kabla ya adhuhuri lilianguka lenyewe, zima. Semana alilitandaza kwenye majani akahesabu alama za vifungo, akitabasamu kama mtu anayehesabu watoto waliorudi salama. Siku hizi mnafundishwa darasani msivute. Yeye alijifunza kwa njia ndefu.

Ndama alikabidhiwa kiangazi cha tisini na tatu, alipoacha kunyonya. Watu wa Kagugu walikuja Gahanga kwa gari la kukodi, wenye suti na wenye mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani, pombe ya ndizi, maziwa kwenye vibuyu. Mutabazi alikaa mbele, mnyoofu, amevaa koti jeusi. Wale wajomba wawili nao alikuwa amewaalika, nadhani ili waone kwa macho yao kwamba Gaju amezaa. Mimi na Daktari tulikaa nyuma na soda zetu.

Semana akasimama kutoa ndama. Alianza kwa maneno ya desturi, akamsifu Gaju, akasifu pembe zake na mwendo wake. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye kiti. Mkewe akainua macho.

"Kuna watu hapa," akasema, "wameuliza Gaju aliupata wapi ugonjwa. Alikuja hapa mzima. Mutabazi alinipa ng'ombe mzima kabisa. Alizaa, zalio likachelewa, mimi nikalivuta kwa mkono huu. Akalia, nikamchana ndani. Halafu nikamsema Mutabazi kwa watu, na nilipojua ukweli sikurudi kwa watu wale wale kuusema. Nilisubiri azae. Niliona aibu nikiwa mikono mitupu, nikasema acha niwe na ndama kwanza. Ndama huyo hapo. Nimesema."

Esperansi alikuwa ameinamisha uso, Fideli amemshika bega. Mutabazi aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akavuka uwanja mpaka kwa Semana.

"Ni mkono upi?"

Semana akaunyosha wa kulia. Mutabazi akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akauangalia kiganjani.

"Umekauka kama fimbo," akasema. "Ndiyo maana ng'ombe alilia." Kisha akageuka kwa wale wajomba wawili. "Mmesikia? Au mnataka Mariamu awapime na masikio?"

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha ndama, akaruka. Mjomba mmoja, yule wa mwavuli mweusi, alisogea akamwambia Mutabazi kwamba wiki ijayo wangependa kuja Kagugu kuzungumza. Daktari Gasipari alivua miwani akaifuta kwa pindo la lile koti la kaki, ingawa haikuwa na vumbi.

Jioni ilipokaribia walimpakia ndama kwenye gari. Hakutaka. Vijana walimshika wakateleza, Fideli akararua suruali ya sherehe aliyoazima kwa rafiki yake. Mwishowe wazee wawili wakapanda nyuma wao wenyewe na nguo zao za sherehe, Semana akashika kichwa, Mutabazi akashika kiuno. Semana hakuwa amepanga kwenda Kagugu siku hiyo. Gari likaondoka kwenye vumbi, na mpaka lilipopinda kona tuliwasikia, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajui kushika ndama.